Mizani ya Utu: Mwalimu Nyerere na Mapambano ya Usawa Katika Nchi ya Pamba

Utamaduni wa taifa si ngoma, nyimbo, mavazi na vyakula peke yake. Namna watu wanavyogombana na namna wanavyopatana, namna mnyonge anavyodai haki yake na namna anavyoitumia akishaipata, yote hayo ni sehemu ya utamaduni wao. Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi wananchi wa Tanganyika walivyodai usawa wa watu wa rangi zote bila kushika silaha, na kazi aliyoifanya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere katika kuyaongoza mapambano hayo. Tutaanza mbali na mji mkuu wa wakati ule. Tutaanza Dutwa.

Dutwa iko kando ya barabara itokayo Lamadi, karibu na Ziwa Viktoria, kwenda Bariadi. Leo ni sehemu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa katika miaka ya karibuni, yaani 2012. Lakini katika zama tunazozisimulia, nchi hiyo yote ilikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa, katika Jimbo la Ziwa. Wenyeji wake ni Wasukuma wa upande wa mashariki, ambao wengi hujulikana kwa jina la Wanyantuzu: wafugaji wa ng'ombe, wakulima wa mtama, mahindi na pamba. Hapakufanyika Dutwa mkutano mkubwa ulioandikwa katika vitabu, wala hapakusainiwa mkataba wowote. Hata hivyo, mkulima wa huko, sawa na wenzake wa Kwimba, Geita na Shinyanga, aliufahamu ubaguzi kwa njia iliyo wazi kuliko hotuba yoyote. Aliukuta kwenye mizani.

Mkulima na mizani

Pamba ni zao lenye jasho jingi. Mkulima alitifua ardhi kwa jembe la mkono au kwa plau ya kukokotwa na ng'ombe, akapanda, akapalilia, akachuma, kisha akakaa na jamaa zake kutenga pamba safi na pamba fifi. Baada ya miezi hiyo yote ya kazi aliubeba mzigo wake mpaka kituo cha kununulia, na hapo thamani ya jasho lake iliamuliwa kwa dakika chache. Aliyeisoma mizani alikuwa mnunuzi mwenyewe au wakala wake, na mkulima asiyejua kusoma hakuwa na la kufanya ila kupokea alichopewa. Kilio cha kupunjwa kilienea Usukumani kote.

Sasa tukumbuke jinsi nchi ilivyopangwa. Mwingereza alikuwa juu, ndiye mtawala. Waasia walikuwa katikati, na mikononi mwao ndimo ilimokuwa sehemu kubwa ya biashara, ikiwa ni pamoja na viwanda vya kuchambulia pamba. Mwafrika alikuwa chini. Shule zilitengwa kwa rangi, hospitali zilikuwa na madaraja yaliyokwenda kwa rangi, na mishahara vivyo hivyo. Katika miji, hata mitaa ilijieleza kwa majina yake: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kwa hiyo mkulima aliyepunjwa hakuona mbele yake mfanyabiashara tu. Aliona mtu wa rangi nyingine. Hapo ndipo palipokuwa na hatari kubwa. Hasira ya kupunjwa ilikuwa ya haki, lakini ingeweza kugeuka kwa urahisi ikawa chuki juu ya rangi ya mtu.

Kwa bahati njema walitokea viongozi walioielekeza hasira hiyo mahali panapostahili. Mmoja wao alikuwa Paul Bomani, kijana aliyekuwa akiongoza tawi la Mwanza la Chama cha Waafrika wa Tanganyika, yaani TAA. Yeye na wenzake hawakuwashauri wakulima wavunje maduka wala wachome viwanda. Waliwashauri wajiunge, wasimamie upimaji wa pamba yao, na hatimaye wainunue na kuiuza wenyewe kwa njia ya ushirika. Vyama vidogo vidogo vikaanzishwa vijijini, na mwaka 1955 vikaunganishwa katika shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya wakulima katika Afrika. Katika muda wa miaka michache tu pamba ya nchi hiyo ikawa inapita mikononi mwa wakulima wenyewe.

Jambo hili linahitaji kutazamwa kwa makini. Wakulima hawakudai kwamba sasa ni zamu yao ya kumpunja Mhindi. Walidai mizani iliyo sawa. Somo hilo la kituo cha pamba ndilo lililokuja kuwa somo la taifa zima.

Mwana wa Butiama

Mtu aliyelifanya somo hilo kuwa siasa ya nchi alizaliwa si mbali na Dutwa. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Musoma, Tabora na Makerere, kisha akaenda Edinburgh katika Uskoti, akarejea mwaka 1952 na kufundisha Pugu. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa Rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikazaliwa upya kwa jina la TANU, naye akawa kiongozi wake. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu, maana watawala walimtaka achague kati ya chaki na siasa.

Kazi ya kwanza iliyomkabili haikuwa kubishana na Mwingereza. Ilikuwa kuwaaminisha wananchi kwamba inawezekana kumwondoa mtawala bila vita. Wazee wengi walizikumbuka habari za Maji Maji za 1905 mpaka 1907, wakajua jinsi Wajerumani walivyoteketeza watu na mashamba kusini mwa nchi. Vilevile, katika Kenya jirani, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa mwaka 1952, na damu ilikuwa ikimwagika. Hatuwalaumu ndugu zetu wa Kenya. Wao walinyang'anywa ardhi, na milango ya amani ilifungwa mbele yao. Tanganyika ilikuwa na nafasi ambayo wao hawakuwa nayo: ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Mwingereza alilazimika kujieleza mbele ya dunia. Mwalimu aliiona nafasi hiyo akaitumia. Mwezi Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York, akaeleza madai ya watu wake kwa utulivu na kwa hoja.

Alikuwa akipinga nini hasa? Gavana Edward Twining alikuwa na mpango alioupamba kwa jina la ubia wa mataifa matatu. Katika Baraza la Kutunga Sheria la 1955, wajumbe 30 wasio wa upande wa Serikali waligawanywa kwa rangi: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Kwa mtazamaji wa haraka, kumi kwa kumi kwa kumi ni usawa ulioje! Lakini kwa hesabu ya mwaka 1957, Waafrika walizidi milioni 8, ambapo Wazungu walikuwa kama elfu 20 tu. Maana yake ni kwamba Mzungu mmoja alipimwa sawa na Waafrika zaidi ya mia nne. Hiyo ndiyo mizani ya kituo cha pamba iliyohamishiwa Barazani. Mwalimu hakusema Wazungu na Waasia wasiwemo Barazani. Alisema kwamba mtu ahesabiwe kwa utu wake, wala asihesabiwe kwa rangi yake.

Mlango uliofungwa Usukumani

Mwaka huohuo wa kuzaliwa kwa TANU, watawala walikataa kuliandikisha tawi la Malampaka, katika Wilaya ya Maswa, kisha wakayapiga marufuku matawi ya chama hicho katika nchi ya Wasukuma. Marufuku hiyo ilidumu mpaka 1958. Sababu yake haikuwa siri. Usukuma ulikuwa na watu wengi, na tayari walikuwa wamechoshwa na amri: amri ya kulima kwa matuta, amri ya kupunguza ng'ombe, kodi ya mifugo na faini kwa asiyetii. Nyingine kati ya amri hizo zilikusudiwa kuihifadhi ardhi; lakini hakuna aliyeulizwa, na jema lisemwalo kwa amri hugeuka mzigo. Watemi walibanwa katikati, huku wakiagizwa na Bwana Shauri na kule wakilalamikiwa na watu wao.

Wasukuma hawakuwa wageni wa njia ya kukataa bila kupiga. Katika vijiji vyao, tangu zamani, vijana walikuwa na jumuiya zao za kazi chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale. Jumuiya hizo zililima pamoja, zilijenga pamoja na kucheza ngoma pamoja. Mtu aliyekataa kuwajibika hakupigwa, alitengwa. Hakuna aliyekwenda kumsaidia shambani, wala aliyefika kwenye shughuli yake, mpaka alipojirudi na kulipa fidia. Watu waliolelewa katika desturi hiyo walijua kwamba kunyimwa ushirika ni adhabu kali kuliko fimbo. Ndiyo maana hatukubali usemi wa wale wasemao kwamba njia ya amani ililetwa kwetu kutoka ng'ambo. Mwalimu alimheshimu sana Gandhi wa India, na alifuata kwa karibu habari za Chifu Albert Luthuli wa Afrika Kusini. Lakini mbegu aliyoipanda iliikuta ardhi iliyokwisha kutifuliwa.

Mwaka 1958 ardhi hiyo ilijaribiwa. Serikali ilitaka kuunda mabaraza ya wilaya yenye watu wa rangi tatu, na Geita ikawa mahali pa kujaribia mpango huo. Wananchi waliona kwamba ule ubia wa Gavana sasa unaingizwa mpaka vijijini. Maelfu walikwenda Mwanza kupeleka malalamiko yao kwa wakubwa wa jimbo, wakakaa huko siku kadhaa, hawana silaha. Askari waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Viongozi kadhaa walikamatwa. Lakini wananchi hawakurudi na mikuki. Walirudi na azma ileile, na mpango wa mabaraza hayo ukashindikana.

Mwalimu mwenyewe hakusalimika. Mwanzoni mwa 1957 alikatazwa kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa maneno aliyoyaandika katika gazeti la Sauti ya TANU juu ya maofisa wawili wa wilaya. Alipatikana na hatia, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa, na kazi ikaendelea. Wengi walitazamia, na pengine wako waliotamani, kwamba hukumu hiyo ingewasha moto. Haikuwasha, kwa kuwa kiongozi alikwisha kuwafunza wafuasi wake kwamba anayemchokoza mtu asiye na silaha hutafuta kisingizio cha kutumia yake.

Kura tatu

Mtihani mgumu zaidi ulitokea ndani ya chama chenyewe. Serikali ilitangaza uchaguzi, lakini kwa sharti la ajabu: kila mpiga kura alitakiwa kupiga kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Tena haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, cheo, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Mkulima wa kawaida wa Dutwa hakuwamo katika hesabu hiyo. Mkutano Mkuu wa TANU ulipokutana Tabora mwezi Januari 1958, wajumbe wengi walifika wakiwa wamekata shauri la kususia uchaguzi. Tusiwadharau. Walikuwa na haki ya kukasirika, na hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu asiyekubali ubaguzi asiingie katika mchezo wa kibaguzi.

Mwalimu alisimama dhidi ya mkondo huo. Alieleza kwamba kususia kungewaachia wapinzani wa usawa viti vyote, na kwamba baada ya hapo njia ya amani ingekuwa nyembamba zaidi. Ilimpasa kuwaomba watu wenye heshima zao wavumilie fedheha kwa muda ili waimalize fedheha yenyewe. Mkutano ulimkubalia, uamuzi huo ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Haukumridhisha kila mtu. Zuberi Mtemvu alijitoa, akaunda chama chake cha African National Congress, kilichotaka Afrika iwe ya Waafrika peke yao.

Yaliyofuata ni jambo la kufurahisha. Sharti lililobuniwa ili kuwatenga watu kwa rangi liligeuzwa likawa njia ya kuwaunganisha. Kwa kuwa kila mpiga kura aliyesajiliwa alilazimika kumpigia kura Mzungu na Mwasia, TANU iliwatafuta Wazungu na Waasia walioukataa ubaguzi, ikawaunga mkono. Ndivyo walivyoingia Barazani watu kama Derek Bryceson, Amir Jamal, Sophia Mustafa na Barbro Johansson. Katika uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda kwa kishindo, na chama cha UTP, kilichokuwa kikiutetea ubia wa Gavana, kikafifia. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Paul Bomani, yule wa mizani ya pamba, akaingia katika Baraza la Mawaziri, na baada ya Uhuru akawa Waziri wa Fedha.

Mizani ilipobadili mikono

Kama habari ingeishia hapo, tungekuwa tumesimulia ushindi wa kawaida wa wengi juu ya wachache. Lakini usawa haupimwi siku mnyonge anapoudai. Hupimwa siku mnyonge huyo anapokuwa na nguvu. Siku hiyo ilifika mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru.

Bungeni ulikuwapo mjadala juu ya uraia. Serikali ilipendekeza kwamba aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja akiwa amezaliwa humo, awe raia moja kwa moja, awe wa rangi yoyote. Na wakazi wengine wapewe nafasi ya kuomba. Baadhi ya wabunge walipinga kwa ukali. Walitaka uraia wa moja kwa moja uwe wa Waafrika peke yao. Walikumbusha miaka ya kudharauliwa, shule za kutengwa, mishahara ya kubaguliwa. Na bila shaka wako waliokumbuka mizani. Machungu hayo yalikuwa ya kweli. Methali yetu husema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Waliouonja mkuki walitaka sasa kuushika upande wa mpini.

Mwalimu, wakati huo Waziri Mkuu, alijibu kwa hasira ambayo ni nadra kuonwa kwake. Aliwaambia kwamba uraia wa rangi ni ubaguzi uleule walioupinga, na kwamba mtu akishaanza kuabudu rangi anaiendea njia ya Hitler na ya makaburu. Wakiwatenga leo Wazungu na Waasia, kesho watatafuta mwingine wa kumtenga miongoni mwao wenyewe. Aliwaachia wabunge wa upande wake wapige kura wapendavyo. Alitangaza kwamba jambo hilo ni msingi. Likikataliwa, Serikali yake itajiuzulu. Kiongozi aliyevumilia marufuku, faini na kura tatu kwa upole, alikuwa tayari kuuacha uongozi katika mlango wa Uhuru kuliko kuipokea nchi kwa mizani iliyopinda. Pendekezo la Serikali likapita.

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi uliofuata, mfumo wa shule za kutenganishwa kwa rangi ukaanza kuondolewa. Mwezi Januari 1964 Mwalimu, akiwa Rais, alitangaza kukomeshwa kwa upendeleo wa rangi katika kuajiri watumishi wa Serikali: raia ni raia. Hatusemi kwamba mambo yote yalinyooka. TANU yenyewe ilichelewa mpaka baada ya Uhuru kuwafungulia uanachama watu wasio Waafrika, na mwaka 1971, majumba ya kupangisha yalipotaifishwa, Waasia wengi waliona kwamba mzigo umewaangukia wao zaidi. Mizani iliyo sawa haitengenezwi mara moja ikaachwa. Hukaguliwa kila msimu.

Wala tusimfanye Mwalimu kuwa mtu aliyeikataa silaha mahali pote na wakati wote. Mwezi Juni 1959 alihutubia London katika mkutano ulioanzisha mwito wa kususia bidhaa za Afrika Kusini, ambayo ni njia ya amani. Lakini milango ya amani ilipofungwa katika Msumbiji na kwingineko, Tanzania iliwapokea wapigania uhuru na kuwasaidia. Kwake yeye, amani haikuwa woga wala ibada. Ilikuwa njia bora maadamu mlango ungali wazi, hata kama ni kidogo.

Tunachorithi

Msomaji kijana anaweza kuuliza: habari hizi zina faida gani kwetu leo, ambao hatuoni tena Uzunguni wala Uhindini? Jibu letu ni kwamba rangi ni jina moja tu la mizani mbovu. Kabila, dini, ukoo na mali ni majina mengine. Kila mara kundi fulani linapodhulumiwa huwa na njia mbili mbele yake: kuitengeneza mizani, au kuingojea zamu yake ya kuishika. Njia ya pili ni tamu zaidi kwa moyo ulioumizwa, na ndiyo iliyoziangamiza nchi nyingi.

Mpaka leo, msimu wa pamba unapofika, mkulima wa Dutwa hupeleka mzigo wake kupimwa. Huutua, husogea karibu, hutazama mizani kwa macho yake mwenyewe. Jambo hilo dogo, la mtu kuwa na haki ya kuitazama mizani na kuuliza, lilipatikana kwa miaka ya uvumilivu wa watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wananchi wa nchi ya pamba, wakiongozwa na mwana wa Butiama, walikwenda mbele zaidi ya wahenga. Walikataa mnyonge asinyongwe hata kidogo, na walipopata nguvu wakakubali, ijapokuwa kwa shida, kwamba haki hiyo ni ya jirani yao pia.